Joto la Bahari, Moto wa Anatory

Lori lilipopunguza mwendo kwenye kona ya Nyaishozi, Anatory aliruka kabla halijasimama. Alitua kwa magoti, akainuka huku anacheka, na mzigo wake ukatupwa nyuma yake na utingo aliyekuwa bado akimtukana. Zilikuwa siku za mwanzo za Septemba, mwaka 1951. Vumbi la kiangazi lilikuwa limeyafunika majani ya migomba ya kando ya barabara hata yakafanana na matofali mabichi. Watu waliokuwa wamekaa kwenye baraza ya duka walimwona mtu mrefu, mwenye fulana ya kibaharia na suruali iliyopaushwa na chumvi, akiwajia mbio.

"Nyasi zimechomwa?" akauliza.

"Nyasi zipi?"

"Za kilima cha Mutalemwa!"

"Salimia kwanza, wewe," akasema mzee mmoja. "Huko pwani watu hawaamkiani?"

Anatory akawaamkia wote kwa mkupuo mmoja, shikamooni, akabaki amesimama kama mtu aliyebanwa na haja.

"Hazijachomwa," mzee akamjibu. "Tangu mwaka ule wa njaa, kaka yako hachomi hata takataka."

Wakacheka. Anatory hakucheka, lakini uso wake ulifunguka kwa furaha, akajitwika mzigo na kushika njia ya kupanda kijijini kwao, Kanoni, kwa mwendo ambao haukuwa kutembea wala kukimbia.

Alikuwa amezaliwa kwenye vilima hivyo, katika ukoo wa wafugaji wa ng'ombe wa pembe ndefu, akabatizwa, akakua nyuma ya mikia ya ng'ombe. Ujanani alikwenda Tanga kukata mkonge. Mkonge ukamshinda, akapata kazi kwenye meli ndogo ya mizigo iliyopita mwambao, Tanga, Unguja, Dar es Salaam, Lindi, na kurudi. Nyumbani alifika kila alipopewa likizo. Mkewe, Kokwijuka, alibaki chini ya kilima akilima kibanja chao cha migomba na kahawa, na ng'ombe wake wachache walichungwa pamoja na wa kaka yake mkubwa, Mutalemwa. Kaka huyo hakuwa akimsema vibaya. Alikuwa hamsemi kabisa. Watu walipouliza habari za mdogo wake, alijibu, "Yuko majini," na hapo mazungumzo yalikwisha.

Kazi ya Anatory melini ilikuwa na vipande vingi, na kimojawapo kilikuwa cha ndoo. Kila siku alishusha ndoo ya turubai baharini, akaivuta mpaka sitahani, na ofisa wa pili wa meli akatia kipimajoto ndani yake na kuandika joto la maji. Wengine walioifanya kazi hiyo waliiona upuuzi: bahari ilikuwa bahari tu, ya jana na ya leo. Lakini Anatory alikuwa na mkono wa mfugaji. Tangu utotoni alikuwa amefundishwa kujua, kwa kuchovya vidole tu, maziwa yaliyotoka chuchuni sasa hivi, yaliyokaa kitambo na yaliyo tayari kutikiswa kwenye kibuyu yatoe siagi. Kabla ofisa hajafika, alikuwa amekwisha ingiza mkono kwenye ndoo. Baada ya miaka michache alikuwa akiyajua maji ya kila mwezi kama alivyojua ng'ombe wa nyumbani.

Mwaka 1949, katikati ya kipupwe, alikuta maji yakiwa baridi kuliko alivyoyazoea. Hakufikiri lolote. Miezi kadhaa baadaye akasikia kutoka kwa mtu wa Bukoba aliyekutana naye bandarini kwamba kwao mvua za vuli hazikunyesha. Mutalemwa alikuwa amechoma kilima chote kama ilivyo desturi, ili nyasi kuukuu ziondoke na mvua za kwanza zioteshe changa. Mvua haikuja. Kilima kilibaki majivu, na nusu ya zizi ikafa.

Na sasa, katika Julai na Agosti ya mwaka 1951, mkono wake ulikuwa umekuta jambo la kinyume. Mara ya kwanza ofisa alimgombeza kwamba ameiacha ndoo juani. Akaivuta nyingine, joto likawa lile lile. Kesho yake, vile vile, na juma lililofuata pia. Maji yalikuwa kama maziwa yaliyosahauliwa karibu na jiko. Anatory hakuweza kulala kwa kulifikiri jambo hilo. Mwishowe alimwuliza ofisa waziwazi: bahari ikiwa na joto hivi, mvua ya bara inakuwaje?

Ofisa huyo alikuwa mtu wa maneno machache. "Maji ya moto hutoa mvuke zaidi," alisema. "Upepo ukipita juu yake unaubeba. Hilo ninaweza kukuambia. Mvua ya milima ya kwenu siwezi. Na miaka miwili si ushahidi, Anatory."

Miongo kadhaa baadaye wataalamu wangelipa jambo hilo jina na vipimo: bahari ikipata joto kuliko kawaida upande wa Afrika, vuli ya Afrika Mashariki huelekea kuwa nzito, na ikipoa, huelekea kupungua. Huelekea, hawasemi ni lazima. Lakini mwaka ule hapakuwa na mtu wa kumweleza Anatory hayo, na hata angekuwapo, huenda asingemsikiliza mpaka mwisho. Juma lile lile aliomba likizo. Akapanda treni mpaka Mwanza, meli ya ziwani mpaka Bukoba, lori mpaka Nyaishozi, na safari nzima alikuwa na swali moja kinywani, lile alilowauliza watu wa baraza ya duka.

Kokwijuka alikuwa akipalilia alipomwona mumewe anakuja mbio kati ya migomba. Akashika kiuno.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu! Mama Joviana, mvua inakuja!"

Akatazama mbingu. Zilikuwa nyeupe kama sufuria iliyosuguliwa. "Iko wapi?"

"Baharini. Bado iko baharini, lakini inakuja, tena si ya mchezo. Nimeigusa kwa mkono huu!"

Kokwijuka aliutazama mkono ule, halafu akamtazama usoni. Alikuwa ameolewa na mtu huyu kwa muda wa kutosha kujua tofauti kati ya furaha yake ya pombe ya ndizi na furaha yake ya kweli. Akatupa jembe chini. "Oga kwanza. Halafu unieleze polepole, kama unavyomweleza mtoto."

Alimweleza. Jua lilipopunguza ukali walipanda pamoja kwa Mutalemwa.

Shauri lenyewe lilikuwa jepesi kueleweka na gumu kuamuliwa. Mutalemwa, baada ya hasara ya arobaini na tisa, alikuwa ameapa hatachoma nyasi mpaka mvua inyeshe kwanza na kujionyesha kuwa ni mvua. Lakini mvua nzito ikitangulia, nyasi kuukuu zinalowa na haziungui tena. Ng'ombe wanabaki na mabua makavu yasiyo na nguvu msimu mzima, na kupe wanaojificha humo wanazaliana bila kusumbuliwa. Akichoma kabla, na mvua ikaja, kilima kinakuwa shamba la majani mabichi. Akichoma kabla, na mvua isije, ni majivu tena. Zizi lake lilikuwa limeanza tu kujaa upya. Hasara ya pili lisingeistahimili.

Mutalemwa aliwasikiliza huku akimpaka ndama samli kwenye kidonda. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kutazama mbali hata anapoongea na aliye karibu.

"Mvua yetu hutoka ziwani," akasema. "Bahari yako iko mbali."

"Na upepo unaokuja ziwani, kaka, unatoka wapi?"

"Mwanza."

"Na wa Mwanza?"

"Sijafika huko mbele. Wewe uliyefika, ulimwona upepo anapanda treni?"

Jirani yao Byarugaba, mwenye kilima cha pili, alikuwa amekuja kuomba chumvi ya ng'ombe na sasa alikuwa ameketi vizuri, chumvi amekwisha kuisahau. Aliangua kicheko. "Baharia! Ulipochovya mkono kwenye hiyo bahari, ilikuambia pia nani ataozwa mwaka huu? Nina binti pale."

"Ilisema binti yako atapata mume anayekushinda akili, Byarugaba. Si kazi kubwa."

Hata Mutalemwa alitikisika mabega. Lakini akauliza, kwa sauti ya chini, jambo ambalo Anatory alikuwa akiliogopa. "Arobaini na tisa, maji yalikuwaje?"

"Baridi, kaka. Niliyashika. Sikujua maana yake."

Ndama alijipapatua, Mutalemwa akamwachilia. Akalitazama zizi, upande uliobaki mtupu tangu mwaka ule.

Kokwijuka akaingilia kati. "Shemeji, mimi nina swali kwa huyu. Baba Joviana, mvua itakuwa nyingi?"

"Nyingi!"

"Siku gani?"

Anatory akautazama mkono wake. "Siku siijui. Bahari haisemi siku."

"Basi msichome chote. Chomeni juu. Bondeni kubaki na nyasi kuukuu, ng'ombe wale hizo mpaka mvua ifike."

Mutalemwa alimtazama mwanamke huyu wa ukoo wa wakulima, mkono bado una udongo wa kibanja, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akainuka. "Anayeomba moto ndiye anayeuwasha," akasema. Hiyo ilikuwa desturi ya vilima vile: kaa la moto hutoka kwenye jiko la mwenye kuomba, mbele ya watu, ili baadaye pasiwe na ubishi juu ya moto ulikuwa wa nani.

"Nitauwasha," akasema Anatory.

Mkungu, mkuu wa kijiji, akatoa ruhusa. Wanaume wakafyeka ukanda mpana katikati ya mteremko, kutenga nyasi za juu za kuchomwa na za bondeni za kubakizwa. Siku ya moto watu walikuja hata kutoka Nyaishozi, maana tangu ile njaa hawakuwa wameona kilima kikichomwa. Anatory alibeba kaa kutoka jikoni kwa Kokwijuka ndani ya kigae, juu ya samadi kavu, akilipuliza njiani kama mtu anayembembeleza mtoto.

Mutalemwa alikuwa ng'ambo, akiwaweka ng'ombe mahali salama. Agizo lake lilikuwa moja: asiwashe mpaka jua lizame nyuma ya mgongo wa kilima.

Jua lilikuwa limebakiza kidogo. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka bondeni kwenda juu, sawasawa, ukiziinamisha nyasi kuelekea kileleni, mbali kabisa na ukanda. Anatory alikilowanisha kidole mdomoni, akakiinua. Kwa miaka alikuwa ameishi na upepo wa bahari, unaovuma upande mmoja kwa miezi bila kubadili nia. Upepo mzuri namna hii, watu wamekusanyika, kaa linawaka. Akapiga magoti.

"Bado!" sauti ya Mutalemwa ilitoka mbali. "Anatory, bado!"

Lakini moto ulikuwa umekwisha shika. Ulipanda kilima kwa mlio kama wa kitambaa kinachopasuliwa, mrefu, wa rangi ya chungwa, na watu wakapiga kelele za furaha. Vipanga walizunguka juu ya moshi wakiwinda panzi. Kwa kitambo kifupi Anatory aliona ameuweka ulimwengu mahali pake.

Kisha jua likazama nyuma ya mgongo wa kilima, na upepo, kama ulivyofanya kila jioni tangu vilima viwe vilima, na kama alivyojua kila aliyewahi kuchunga pale akiwa na miaka sita, ukageuka. Hewa baridi ilishuka kutoka kileleni kwenda bondeni. Moto ulisimama, ukayumba, ukageuka nao. Cheche ziliruka ukanda uliofyekwa kana kwamba haukuwapo, zikatua kwenye nyasi za akiba.

"Majani! Leteni majani!" Kokwijuka alikuwa wa kwanza kukimbia. Wanawake wakakata majani mabichi ya migomba, wakayalowanisha, wakasimama mstari mmoja mbele ya vibanja vyao wakiupiga moto. Waliviokoa vibanja. Nyasi za bondeni hawakuziokoa. Giza lilipoingia, kilima chote kilikuwa cheusi kuanzia kileleni mpaka kwenye migomba ya kwanza, kikipepesa makaa madogo madogo.

Mutalemwa alifika akiwa amejaa masizi.

"Umeijua bahari," akasema, "ukasahau kilima."

Siku zilizofuata jina lilienea: moto wa Anatory. Jumapili, watu walipotoka misani, Byarugaba alimngojea mlangoni mwa kanisa. "Baharia, leo umemwomba Mungu nini? Mimi nimemshukuru kwa nyasi zangu." Kilima chake kilikuwa bado kimevaa manyoya yake ya kijivu, nyasi tupu, hazijaguswa.

"Zitunze," Anatory akajibu. "Utazihitaji kuezekea."

Lakini sauti ilikuwa kavu. Ng'ombe walikuwa wakilia zizini. Kokwijuka aliingia kibanjani na panga, akaanza kukata migomba iliyokwisha kuzaa, akayacharanga mashina yake vipande vyenye maji na kuvipandisha kilimani kwa ungo. Ilipokwisha hiyo, akakata ambayo haijazaa. Anatory alimshika mkono.

"Hiyo ina mkungu tumboni."

"Najua iliyo na mkungu. Nimeipanda mimi." Akakata. "Ulinidanganya?"

"Hapana."

"Ulipoyagusa maji, ulihisi kweli?"

"Kama ninavyokushika sasa."

"Basi shika upande wa pili tubebe. Mvua yako inachelewa, ng'ombe hawajui kungoja."

Kila alfajiri Anatory alipanda kileleni kutazama mashariki. Kulikuwa na mawingu, ndiyo, na kila siku yalikuwa mazito kidogo kuliko ya jana, na jambo hilo lilimpandisha mori na kumshusha mara kumi kabla ya chakula cha mchana. Angeshuka mbio akipiga kelele kwamba amenusa maji, na jioni wingu lingesambaa kama maziwa yaliyomwagwa. Mutalemwa aliyahesabu mashina yaliyobaki. Mwishowe, mashina ya migomba yalipokwisha, alisema.

"Kesho nawashusha mtoni."

Wote walielewa. Kule chini, kwenye Mto Kagera, majani yalikuwapo mwaka mzima, na mbung'o pia. Ng'ombe waliopelekwa huko hawakurudi wote, na waliorudi hawakurudi wazima. Lakini huko wangekufa baadhi, na hapa wangekufa wote.

"Kaka, ngoja kidogo."

"Ningoje siku gani? Uliulizwa siku, ukasema bahari haisemi."

Kulipopambazuka, zizi lilifunguliwa. Ng'ombe walitoka mbavu zikihesabika, pembe zao ndefu zikigongana. Mutalemwa alitangulia, Anatory nyuma. Walishika njia ya mgongo wa kilima, majivu yakiruka chini ya kwato. Hapakuwa na upepo hata chembe, na joto lilikuwa la kukaba koo, tangu asubuhi ile ile.

Walipofika mahali njia inapoanza kuteremka, ng'ombe jike mkubwa aliyekuwa mbele akasimama. Mutalemwa akampiga kwa fimbo. Hakusogea. Aliinua pua, akaigeuza mashariki. Wa pili akasimama, na wa tatu, mpaka kundi zima likawa limesimama juu ya kilima cheusi, pua zote upande mmoja.

Anatory akageuka kutazama walikotazama. Upande wa ziwa hapakuwa na mawingu tena. Palikuwa na ukuta. Ulikuwa wa rangi ya masizi ya sufuria, umeanzia ardhini mpaka juu kabisa, na chini yake kulikuwa na kitu cheupe kilichotembea. Upepo ulimfikia usoni kabla hajapata sauti, na ulikuwa na unyevu, na alipoulamba mdomo aliapa, na aliendelea kuapa maisha yake yote ijapokuwa mkewe alimcheka, kwamba alionja chumvi.

"Kaka!"

"Naona."

"Kaka, ndiyo yenyewe! Ndiyo yenyewe hiyo!"

"Naona, bwana, si kipofu!" Lakini Mutalemwa pia alikuwa akipiga kelele. Alikuwa ameivua kofia yake na kuipunga kama mtoto. "Geuza ng'ombe! Geuza, rudisha nyumbani!"

Hawakuwahi. Mvua iliwakuta njiani. Haikuanza kwa matone. Ilifika nzima, kama zigo lililoshushwa. Majivu yakawa tope jeusi, ng'ombe wakarukaruka hovyo kama ndama, na ndugu wawili wazima waliteleza, wakaanguka, wakashikana kuinuka, wakaanguka tena pamoja, wakicheka hata wakakosa pumzi. Chini, Kokwijuka alikuwa ametoka nje ya nyumba, amesimama mvuani na ungo wake mtupu ameuinua juu kwa mikono miwili, akipiga vigelegele vilivyosikika mpaka kilimani. Vigelegele vikajibiwa na nyumba ya pili, na ya tatu, mpaka barabarani.

Ilinyesha siku hiyo, na kesho yake, na haikutaka kuacha. Kabla juma halijaisha, kilima cheusi kilikuwa kimeota manyoya ya kijani, laini hata mtu alisita kuyakanyaga. Maziwa yakarudi. Mutalemwa akaanza jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kwake: alikuwa akiimba anapokamua.

Kilima cha Byarugaba kilibaki kijivu, kimelowa. Alijaribu kukichoma, hata kwa mafuta ya taa, kikatoa moshi na kikohozi. Siku moja alijitokeza mlangoni kwa Anatory, kofia mkononi, maji yakimtiririka masikioni.

"Hodi. Baharia yupo?"

"Karibu. Umeleta nyasi za kuezekea?"

"Waitu, ndugu yangu, usinimalize. Kupe wamewala ng'ombe wangu masikio. Nimekuja kuomba wapite kwenu, hata upande wa chini tu."

"Kilima ni cha kaka yangu. Muulize yeye."

"Nimemuuliza. Amesema moto ulikuwa wa Anatory, kwa hiyo majani ni ya Anatory."

Anatory aligeuka akajifanya anatafuta kiti. Alipogeuka tena alikuwa anatabasamu kwa uso mzima. "Walete," akasema. "Na yule binti, bado hajapata mume mwenye akili?"

Vuli ile ilivuka mipaka. Senene, wale panzi wa kuliwa, walipotua Novemba walikuwa wengi hata watu waliwakamata kwa shuka, wakikimbizana na kugongana vichwa. Barabara ilikatika, lori likazama kwenye tope karibu na Nyaishozi, na likizo ya Anatory ikapita huku akiwa hana njia ya kuondoka. Maharagwe ya Kokwijuka yakaoza shambani.

"Hiyo bahari yako," alisema akiyang'oa, "iambie imetosha."

"Sikuwaza maharagwe," Anatory akakiri. "Niliwaza ng'ombe tu."

"Mara nyingine uniambie mimi kwanza. Ningepanda juu mteremkoni, maji yapite."

Meli ilikwisha kumpata mtu mwingine wa ndoo. Anatory hakusikitika. Alikuwa na mahali pake sasa: aliamka na Mutalemwa, akachunga naye, akala naye. Alidhani mambo ya bahari yamekwisha. Mvua za masika zikapita, kiangazi cha mwaka 1952 kikaingia, nyasi zikaanza kukauka, na jioni moja Mutalemwa, akiwa na Byarugaba na wenye vilima wengine wawili, alikuja akaketi.

"Tumekuja kuuliza," akasema. "Mwaka huu tuchome lini? Bahari inasemaje?"

Anatory aliwatazama. Wote walikuwa wamengoja, wameinama mbele, na alihisi ladha ya kuwajibu, maneno mazuri yamekwisha jipanga. Kulikuwa na mtungi wa maji pembeni. Alichovya mkono, akautoa, akautazama.

"Haya ni maji ya mtungi," akasema. "Sijui. Sijayagusa ya bahari mwaka huu. Nikisema, nitakuwa nimetunga."

Byarugaba alikuwa tayari kucheka, lakini hakuna aliyemfuata. Mutalemwa alitazama mbali, kama kawaida yake.

"Basi nenda ukayaguse," akasema.

"Kaka?"

"Nenda. Meli haziishi. Sasa hivi, urudi kabla ya kuchoma. Ng'ombe wako wapo, hakuna anayewala."

Siku ya safari, Mutalemwa aliteremka naye mpaka Nyaishozi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, amebeba kibuyu cha samli kwa ajili ya ofisa wa meli. Kokwijuka alikuwa amemfungia Anatory ndizi za kuchoma na maagizo. "Uulize na habari ya maharagwe," alisema. "Nyingi, kidogo, niambie mapema."

Mzee wa baraza ya duka aliwaona, akainua sauti. "Mutalemwa! Mdogo wako anakwenda wapi tena?"

"Majini," akajibu Mutalemwa.

Safari hii hakuishia hapo.

"Anakwenda kutugusia bahari. Akirudi, njooni kilimani, mtaona anavyowasha moto." Akamgeukia mdogo wake, ambaye tayari alikuwa amening'inia nyuma ya lori, anacheka, suruali yake ile ile ya chumvi ikipeperuka. "Na utangoja jua lizame! Umenisikia? Mpaka lizame!"

"Nimesikia, kaka!" Anatory akapiga kelele, na lori likamchukua kwenye vumbi.